Picha ya Kunyemelea

Katika vyombo ambavyo zama zetu zimewapa vijana, ni vichache vilivyo vidogo kwa umbo na vikubwa kwa nguvu kama kamera ya dijitali yenye lenzi ivutayo mbali. Hukaa katika mfuko wa koti la shule bila kuuvimbisha sana, nayo huweza kuleta jambo lililo ng'ambo ya bonde kana kwamba limewekwa juu ya dawati. Chombo hiki nakipenda, na wanafunzi wangu wengi wamejifunza kukishika mikononi mwangu. Nasema hivyo mapema, ewe msomaji, usije ukadhani kwamba maneno haya yametoka kwa mtu anayechukia kila kilicho kipya. Neno langu ni moja, nami nitalitaja wazi kabla ya kulitetea: usimpige mtu picha kutoka mahali ambapo hawezi kukuona wala kukujibu. Ndege, mlima na mwezi uwapige upendavyo. Mwanadamu, msogelee.

Kwanza tuipime nguvu yenyewe, maana wengi huibeba bila kuijua. Chukua kwa mfano kamera iitwayo Canon PowerShot SX740 HS, iliyotolewa mwaka 2018. Uzito wake ni yapata gramu 300. Lenzi yake huvuta mara 40. Yaani, kwa hesabu ya wapigapicha walioizoea filamu ya kale ya milimita 35, husafiri kutoka milimita 24 hadi milimita 960. Fremu ya filamu hiyo ilikuwa na kimo cha milimita 24. Gawanya 24 kwa 960, kisha zidisha kwa mita 100, nawe utapata mita mbili na nusu. Maana yake ni hii: simama katika goli moja la uwanja wa mpira, umwelekee mtu aliyesimama katika goli la pili, naye atakaa ndani ya picha yako mzima, tangu kofia hadi viatu, na juu yake itabaki nafasi ndogo tu. Sogea hadi katikati ya uwanja, nawe utamhesabia vifungo vya shati. Yeye kwa upande wake ataona kijana wa mbali aliyeinua mikono usoni, na pengine asione hata hilo.

Muuzaji akikuambia kwamba kamera hiyo huvuta mara 80, mwulize zile 40 za pili zatoka wapi. Kuvuta kwa vioo ni kuvuta kweli, kwa kuwa vioo husogea na nuru hukusanywa upya. Kuvuta kwa dijitali ni kukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua, kama mpishi anayeongeza maji katika mchuzi wageni wanapozidi. Hili silo shabaha yangu leo, lakini sipendi uibiwe.

Sasa, nguvu hii ina mahali pake pa halali, na sisi tunaokaa Thika hatuna haja ya kupatafuta mbali. Asubuhi iliyotakata, kabla vumbi na moshi havijapanda, Mlima Kenya huonekana upande wa kaskazini, kiasi cha kilomita 100 kutoka hapa. Jicho tupu huona umbo la buluu tu. Lenzi ndefu huonyesha meno ya majabali na ile barafu ambayo hupungua mwaka hata mwaka. Upande wa mashariki yupo Kilimambogo, mwenye mita 2,145, ambaye msitu wake waweza kuuchungua ukiwa umekaa chini ya mti. Usiku elekeza kamera kwenye mwezi, na mashimo yaliyochorwa katika vitabu vya sayansi utayaona kwa macho yako. Kando ya Mto Chania yupo mdiria, ndege asiyengoja mtu. Umkaribiapo huruka, na ukikaribia kiota chake waweza kumfanya akiache. Kwa kiumbe wa namna hii umbali ni heshima, na lenzi ndefu ni adabu. Sioni ubaya wowote katika hayo, na kama kamera yako ingeishia hapo, nisingeshika kalamu.

Lakini haiishii hapo. Twende Ruiru.

Wengi huufahamu mji wa Ruiru kwa kahawa. Huko ndiko kilikozaliwa katika kituo cha utafiti kile kizazi cha mibuni kiitwacho Ruiru 11, kilichotolewa kwa wakulima mwaka 1985 ili kustahimili kutu ya majani na ugonjwa wa chulebuni. Leo, mahali pengi ambapo mibuni ilisimama pamesimama maghorofa. Yamejengwa kwa haraka na kwa kubanana, hata roshani ya huyu hutazama jiko la yule. Mama huanika nguo mbele ya macho ya majirani 40. Mtoto huogeshwa katika karai, mzee hupiga mswaki akiwa na singleti, na waliooana wapya hugombana wakidhani mapazia yanatosha. Watu hawa hawakuchagua ukaribu huo. Kodi ya nyumba iliwachagulia. Kwa kuwa hawana kuta za kutosha, wamejijengea kuta za adabu. Nimeona jambo hili mara nyingi nami nalistaajabia: mtu atokaye kwenye roshani yake hutazama juu, hutazama barabarani, hutazama kila mahali isipokuwa ndani ya nyumba iliyo mbele yake. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo popote, lakini wapangaji huishika. Mwenye kamera ivutayo mara 40 aliyeketi ghorofa ya tano aweza kuuvunja ukuta huo kwa kidole kimoja, na wenyewe wasijue kwamba umevunjwa.

Mibuni iliyosalia nayo ina watu wake. Wakati wa mavuno, wachumaji huinama kwenye matawi tangu alfajiri, nao hulipwa kwa kila debe. Gari husimama barabarani, kioo hushushwa, lenzi hutoka. Aliye ndani hamjui yule mwanamke, hajui ana madebe mangapi, hajui kama leo amefurahi au amefiwa. Ampata akiwa amejifunga gunia kiunoni, jasho likimtoka, mdomo wazi kwa uchovu. Jioni picha hiyo huzunguka katika simu za watu, na chini yake pameandikwa maneno ya huruma juu ya shida za maskini. Laiti mpigapicha angeshuka, akasalimu, akauliza! Yule mama angefuta uso kwanza, angekaza kilemba, pengine angelinyanyua debe lake lililojaa mpaka kifuani na kutazama kamera kama mtu mwenye kazi yake. Nchi ingeona mchumaji hodari mahali pa maskini wa kuhurumiwa. Picha ile ya kwanza imemnyang'anya nafasi hiyo.

Hapa kijana mmoja ataniambia, "Mwalimu, nani aliyedhurika? Hata hakujua." Nitamjibu kwa jambo lililotokea katika shule moja ya pande hizi, ambayo sitaitaja. Mvulana mmoja alikuwa na kamera ya namna hii, zawadi ya mjomba wake. Siku moja alisimama ukingoni mwa mto akamwona mzee akioga ng'ambo ya pili, chini ya miti, kama wazee walivyooga mtoni tangu zamani. Akavuta, akapiga. Picha ilitoka safi, kwa kuwa asubuhi ilikuwa na nuru njema na mkono wake ulitulia. Kesho yake ikapita darasani kutoka dawati hadi dawati, na kicheko kikaifuata, mpaka ikafika kwa msichana mmoja asiyecheka. Mzee yule alikuwa babu yake. Msichana hakusema neno. Alikirudisha chombo kwa mwenyewe, akafunga vitabu, na kwa juma zima hakuonekana shuleni.

Mvulana aliapa kwamba hakujua mzee yule ni nani, nami nilimsadiki, maana hakuwa na tabia mbaya. Lakini angalia vizuri: kiapo chake ndicho hoja yangu. Hakujua kwa sababu lenzi ilimpa mwili bila jina, uso bila ukoo. Daraja halikuwa mbali. Kama angelivuka na kufika karibu, angelazimika kusema, "Shikamoo, babu," na baada ya kusema hivyo asingeweza kumpiga picha ile. Umbali ulimwondolea salamu, na palipokosekana salamu yule babu aligeuka kichekesho.

Nchi yetu, hasa sehemu hii yetu, ina kumbukumbu chungu ya kuonwa na mtu asiyeonekana. Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari mwezi Oktoba mwaka 1952, na katika miaka iliyofuata watu walipangwa mistari ili wachujwe, nani ni Mau Mau na nani siye. Mbele ya mstari aliketi mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Watu walimwita gakunia. Kila mmoja alipita mbele yake. Yeye alimwona kila mmoja, wala hapana aliyemwona yeye. Akitikisa kichwa, mtu alichukuliwa. Katika msako mkubwa ulioanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, maelfu walipelekwa vizuizini. Sisemi kwamba kijana mwenye kamera ni gakunia. Hakuna apelekwaye kizuizini kwa picha ya kuchekesha, na kulinganisha adhabu hizo mbili kungekuwa kuwakosea waliozipata. Ninacholinganisha ni mahali pa kusimama. Kuona bila kuonekana ni uwezo mkubwa kuliko unavyodhani, na wazee wetu walioupitia hawakuuita mchezo.

Utaniuliza sheria yasemaje. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, humpa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilifuata, na chini yake ikaundwa ofisi ya kamishna wa kuisimamia. Sheria hiyo si meno ya karatasi. Mwezi Septemba mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Soma tena kiasi hicho, kisha ujiulize picha ya mtoto ina thamani gani. Hata hivyo, sheria hiyo haigusi mambo ambayo mtu huyafanya kwa ajili yake binafsi au nyumbani mwake. Mvulana wa mtoni aliyejipigia picha na kukaa nayo huenda asifikiwe na kamishna yeyote. Kwa hiyo usiniambie, "Sheria hainikatazi." Sheria haikukatazi kumpita mzee bila kumsalimu pia.

Wako wenye hoja nzito zaidi, nao wanastahili kujibiwa. Wa kwanza husema kwamba picha ya mtu asiyejua ndiyo picha ya kweli, kwa kuwa mtu ajuapo anapigwa hujifanya. Hoja hii ina sura ya hekima, ila haikuchunguza lenzi ndefu husema ukweli wa namna gani. Mpigapicha aliye mbali hubana masafa katika picha. Aliye nyuma huonekana kama amemkanyaga aliye mbele. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wapigapicha wawili wa Denmark walionyesha jambo hilo waziwazi: foleni ile ile ya watu, ilipopigwa kwa lenzi ndefu, ilionekana imesongamana, na ilipopigwa kwa lenzi fupi ilionekana ina nafasi tele. Piga hivyo kituo cha matatu cha Thika siku ya kawaida ya juma, nawe utawaonyesha watu wa mbali ghasia ambayo haikuwapo. Tena saa sita mchana, joto likipanda juu ya lami, hewa yenyewe hucheza na nyuso hutikisika kama zimezama majini. Huo ndio ukweli wa mbali.

Ama kuhusu kujifanya, nasema hivi: mtu anyooshaye kola yake mbele ya kamera hadanganyi. Anakuambia jinsi anavyotaka ajulikane, na hilo nalo ni sehemu yake. Miaka ya 1990 palikuwa na wapigapicha kando ya kivuko cha Likoni, Mombasa, waliokuwa na vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa. Mteja alikwenda kwa miguu yake, akachagua pazia, akasimama apendavyo. Ukizitazama picha hizo leo unajifunza mambo mengi kuhusu matumaini ya watu wa wakati ule, mambo ambayo lenzi iliyojificha nyuma ya mnazi isingeyapata. Nawe ukitaka kumwona mtu katika hali yake ya kila siku, ipo njia ya zamani: mwombe ruhusa, kisha kaa. Atajinyoosha dakika tano, kumi. Baadaye atachoka na kujinyoosha, ataikumbuka kazi yake, naye atakusahau. Wavivu tu ndio wasioweza kungoja.

Wa pili husema, "Na wanaodhulumu? Je, nimwombe ruhusa askari anayepokea rushwa barabarani?" La, hasha! Aliyepewa mamlaka na umma na kuyatumia mbele ya umma hana faragha katika kuyatumia. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia katika majengo ya Bunge, Nairobi, risasi ziliua watu. Na picha zilizopigwa na watu wengi zilitumiwa baadaye kutafuta ukweli juu ya zile risasi. Katika saa kama hiyo umbali ni ngao ya mnyonge, nami siwezi kumnyang'anya. Lakini chunguza ni nani mwenye nguvu na ni nani asiye nayo. Mchumaji kahawa hana bunduki. Mama anikaye nguo hakupewa cheo na mtu. Ukitumia hoja ya askari ili umpige picha babu anayeoga, umevaa sare isiyo yako.

Wa tatu husema barabara na soko ni mali ya wote. Ni kweli, na soko lote unaweza kulipiga ukiwa juu ya daraja la waenda kwa miguu katika Barabara Kuu ya Thika, kwa lenzi fupi, likaonekana na rangi zake na vurugu zake. Umati haumwaibishi mtu. Ndani yake kila mmoja amefichwa na wenzake. Tofauti huingia unapoanza kuvuta. Mara kumi, mara ishirini, mara arobaini. Wengine wote wanatoka nje ya picha, na anabaki mmoja tu, ambaye umemchagua wewe wala yeye hakukuchagua. Kutoka hapo umeuacha umma umeingia kwa mtu.

Mwenzetu Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, aliipiga picha Afrika kwa zaidi ya miaka 30. Mwezi Oktoba mwaka 1984 alifika Korem, Uhabeshi, pamoja na mwandishi wa BBC, akatembea katikati ya wenye njaa na kamera begani. Na picha zake zikautikisa ulimwengu hata misaada ikamiminika. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Komoro. Wako watakaobisha kwamba wenye njaa wa Korem hawakuulizwa wote, nami nakubali kwamba swali hilo ni gumu. Walakini walimwona. Alikuwa pale, vumbi lao likimpata, na yeyote miongoni mwao aliyetaka kugeuza uso aliweza kuugeuza.

Jumamosi moja huenda ukaenda na wenzako kwenye Maporomoko Kumi na Manne ya Mto Athi, karibu na Kilimambogo. Utawakuta vijana wa huko wanaojirusha kutoka juu ya majabali mpaka katika maji yanayochemka, na malipo yao hutoka kwa wageni. Nimewaona wageni wenye kamera za kuvuta wakijitenga kando, mbali na mahali pa kulipia, wakanyemelea kutoka nyuma ya vichaka ili wapate mruko bure. Mtu amehatarisha shingo yake; wao wamehifadhi shilingi zao chache. Wewe shuka hadi kwenye majabali. Uliza jina la mrukaji na bei yake. Ikikushinda, mwambie hivyo, mtacheka pamoja, kisha geuza lenzi kwenye maji. Au mngoje mdiria, ambaye pale hakosekani sana, na huyo uvute mara zote arobaini.